Vanishi ya mati isiyong'aa wala kupauka: mwongozo kamili kwa wapaka visanamu wa Arusha na Moshi

Kila baada ya wiki mbili hivi natumiwa picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ni kisanamu kilichopakwa kwa ustadi, uso una vivuli, shuka ina mikunjo, lakini chote kinameremeta kama kimetoka kukaangwa. Ya pili ni kisanamu kingine, kazi nzuri vilevile, ila mikunjo imejaa ukungu mweupe, kama mtoto aliyeogeshwa akasahauliwa kupakwa mafuta. Chini ya picha zote mbili swali ni hilohilo: "Nimetumia vanishi ya mati, mbona imekuwa hivi?"

Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo naandika yote mahali pamoja, kwa anayepaka wanyama wadogo wa kuuza, kete za sataranji, au askari wa michezo ya mezani.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mati ni ile vanishi ambayo ikikauka haing'ai. Kutong'aa ni kitu kimoja na kupauka ni kingine. Ngozi iliyotunzwa haiakisi taa kama kioo, lakini pia haijapauka. Rangi yake unaiona yote. Hicho ndicho tunachotafuta kwenye kisanamu: nyeusi ibaki nyeusi, nyekundu ibaki nyekundu, na mwanga usikurudie machoni.

## Vifaa: kusanya kabla hujafungua chupa

- Vanishi ya mati ya akriliki, ya maji. Zilizotengenezwa kwa ajili ya visanamu, kama Vallejo na AK Interactive, zote za Hispania, ndizo zinazotabirika. Kama unamsubiri ndugu anayekuja kutoka nje, mwambie alete ya chupa. Kopo la sprei ya rangi haliruhusiwi kwenye ndege, si begi la mkononi wala la chini, na litabaki uwanjani alikotokea.
- Vanishi ya akriliki inayong'aa, chupa ndogo. Ndiyo, inayong'aa. Tutafika.
- Maji ya betri. Haya ni maji yaliyotolewa madini, yanauzwa vituo vya mafuta na maduka ya vipuri. Soma lebo mara mbili: unataka maji, hutaki asidi ya betri. Maji ya bomba ya Arusha yana madini yake, kila mwenye meno ya kahawia anajua habari ya floridi, na madini yaliyomo kwenye maji yakikauka juu ya rangi nyeusi huacha madoa meupe ambayo utailaumu vanishi bure.
- Brashi mbili laini za nyuzi za sintetiki. Moja bapa, upana kama wa ukucha wa kidole kidogo, na moja nyembamba. Brashi za vipodozi zinafaa kabisa. Usitumie zile ulizopakia rangi ya metali. Chembe zake hujificha kwenye mzizi wa nyuzi na kuibuka siku usiyoitaka.
- Vijiti vya mishikaki, vya kukorogea.
- Vijiko vya plastiki, vitano au sita, vya majaribio.
- Chupa tupu za dawa na selotepu ya pande mbili, ziwe vishikio. Kisanamu hakishikwi kwa vidole wakati wa vanishi.
- Kipimajoto kidogo kinachoonyesha na unyevu wa hewa. Kifaa hiki kidogo cha betri ndicho kilichoniokolea kazi nyingi kuliko brashi yoyote niliyowahi kununua.
- Beseni la plastiki na vipande vinne vya mbao, vya kuliinulia.
- Kwa anayepuliza: barakoa yenye chujio la mkaa. Barakoa ya hospitali huzuia matone kiasi. Mvuke wa kiyeyusho hauzuii.

Sasa vitu vya kuacha dukani. Vanishi ya mbao ya mati ya duka la vifaa vya ujenzi ni nzito na ina umanjano. Juu ya tembo wa mninga haionekani, juu ya pundamilia utapata pundamilia mwenye homa ya manjano. Vanishi ya NC, yaani ya nitroselulosi, inayeyushwa kwa tina, na tina hiyo hula plastiki laini na kuiyeyusha akriliki uliyoipaka siku tatu. Sprei ya nywele hunata na kukusanya vumbi. Na kuna ule ushauri wa kuchanganya poda ya mtoto kwenye vanishi inayong'aa ili iwe mati. Nimejaribu. Inafanya kazi kwa dakika ishirini, kisha ikikauka unaona kwa nini tunaita kupauka.

## Unga uliomo ndani ya chupa

Sehemu hii usiiruke, kwa sababu picha zote mbili nilizozitaja zinaanzia hapa.

Vanishi yenyewe, ile resini inayoshika kama gundi, ikikauka hung'aa. Kinachoifanya iwe mati ni unga mwororo sana uliochanganywa ndani, mara nyingi silika, madini kama yale ya mchanga. Vanishi ikisinyaa inapokauka, chembe za unga huufanya uso uwe na vinundu vidogo usivyoweza kuviona. Mwanga ukigonga uso laini hurudi wote upande mmoja, na huo ndio mng'ao. Ukigonga uso wenye vinundu hutawanyika.

Unga huo ni mzito kuliko kimiminika. Chupa ikikaa rafuni wiki tatu, unga unashuka chini na kujibandika. Ukichota juu, unapaka resini tupu: kinang'aa. Mwezi ujao chupa imepungua, unachota chini, na sasa unapaka unga mwingi na resini kidogo: kinapauka. Mtu mmoja, chupa moja, malalamiko mawili yanayopingana. Mimi mwenyewe nilimaliza chupa nzima namna hiyo, na seti ya sataranji iliyokuwa ya mteja ikawa na twiga wanaong'aa upande mmoja na faru wenye vumbi upande wa pili. Niliipaka upya yote, bila malipo.

## Hatua ya 1: Acha rangi ikauke kweli

Rangi ya akriliki ya maji iliyopakwa nyembamba hukauka kwa kuguswa ndani ya dakika chache, lakini ipe saa 24. Kama ulitumia rangi ya mafuta, hata kwa kutia vivuli tu, ipe siku kadhaa. Ikipakwa nene, wiki au zaidi.

Sababu: vanishi hufunga mlango. Unyevu au mafuta yaliyobaki chini yatatafuta njia ya kutoka, na njia hiyo huwa ni mipasuko, mikunjo au madoa.

Dalili kwamba uko tayari: ukinusa kwa karibu hakuna harufu ya rangi, na ukigusa chini ya kitako, pale ulipopaka nene, hakuna ubaridi wala kunata.

## Hatua ya 2: Toa vumbi na mafuta ya vidole

Piga kwa brashi kavu laini kuanzia juu kwenda chini. Ukiona alama ya kidole inayong'aa, pitisha brashi iliyolowekwa kidogo kwenye maji ya betri yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu, uache pakauke. Usisugue.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba vumbi la Arusha linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, kwa hiyo hatua hii ifanye dakika chache kabla ya vanishi. Kuifanya jana yake ni kujidanganya.

## Hatua ya 3: Kijiko cheusi

Chukua kijiko cha plastiki, kipige praima (rangi ya msingi) uliyotumia kwenye kisanamu, kisha rangi nyeusi. Kikaushe. Hiki ndicho kitakachopokea vanishi kabla ya kazi yako.

Kwa nini nyeusi? Kwa sababu nyeusi haifichi kitu. Ukungu ambao kwenye rangi ya udongo hutauona, kwenye nyeusi unapiga kelele. Na kwa nini kijiko? Kina mgongo wa mviringo unaoonyesha mng'ao, na kina shimo linaloonyesha vanishi inavyotuama.

Wengi wanaoniandikia huniambia hawana muda wa vijiko. Kisanamu kimechukua saa kumi na mbili, kijiko kinachukua dakika kumi. Sina la kuongeza.

## Hatua ya 4: Mkono wa kwanza (tabaka la kwanza) uwe wa vanishi inayong'aa

Hapa ndipo watu hunitazama kama nimechanganyikiwa. Unataka kitu kisichong'aa, na mimi nakuambia anza na kinachong'aa.

Vanishi ya mati ni dhaifu kuliko inayong'aa, kwa sababu sehemu ya nafasi ya resini imechukuliwa na unga. Mtu anayetaka ulinzi hupiga mikono mitatu au minne ya mati, na kila mkono unaongeza unga juu ya unga. Wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa nne ni ukungu wa asubuhi ya Julai.

Kwa hiyo gawa kazi. Ulinzi upatikane kwa vanishi inayong'aa, ambayo ni safi kama kioo hata ukiipiga mara mbili. Kutong'aa kupatikane kwa mkono mmoja mwembamba wa mati juu yake.

Punguza vanishi inayong'aa kwa maji ya betri: sehemu tatu za vanishi kwa moja ya maji. Paka nyembamba, fyonza kilichotuama kwenye mikunjo kwa ncha ya brashi iliyokamuliwa. Ngoja saa mbili kama unataka mkono wa pili. Kisha acha saa 24.

Dalili ya mafanikio: kisanamu kinatisha. Kinang'aa kote kwa usawa, kama pipi iliyolambwa. Kama kuna sehemu zisizong'aa, hapo vanishi haikufika, ziguse tena. Mng'ao wa usawa ni muhimu kwa sababu mati ikikaa juu ya uso wenye mabaka nayo huonyesha mabaka.

Visanamu vitakavyokaa kwenye kabati la vioo bila kushikwa vinaweza kuruka hatua hii. Kete za sataranji na vya michezo ya mezani, vinavyoshikwa na vidole vyenye mafuta ya chipsi, haviwezi.

## Hatua ya 5: Koroga

Kama utakumbuka hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Usiku kabla ya kazi, igeuze chupa kichwa chini na uiache hivyo hadi asubuhi. Unga uliojibandika kwenye kitako utaanza kushuka kuelekea kifuniko.

Asubuhi ifungue. Kama ni chupa ya kudondosha, ng'oa ile ncha ya plastiki kwa uangalifu. Ingiza kijiti cha mishikaki mpaka chini na ukwangue kitako pamoja na pembe zake. Utahisi kitu kama uji ulioganda. Endelea kukwangua na kukoroga hadi kijiti kiguse plastiki tupu kila mahali. Dakika mbili kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika mbili za kukoroga ni ndefu kuliko unavyofikiri.

Usitikise kwa nguvu chupa utakayoipaka kwa brashi. Povu litaingia, na povu likipasuka juu ya kisanamu huacha vishimo vyenye duara jeupe. Ukishatikisa kwa bahati mbaya, iache itulie dakika kumi, kisha koroga taratibu tena, maana katika hizo dakika kumi unga nao ulikuwa unashuka.

Kopo la sprei ni kinyume: lenyewe unatikisa. Hesabu dakika mbili kuanzia pale unaposikia golori ya ndani ikigonga kwa uhuru. Kabla ya hapo golori imekwama kwenye unga, na hujaanza kazi.

Mimina unachohitaji kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Kila baada ya visanamu vitatu, koroga kile kilichomo kwenye kifuniko pia. Watu hukoroga chupa kwa bidii, wakamimina, halafu wakakaa na kifuniko hicho nusu saa.

Dalili ya mafanikio: kimiminika ni cheupe kama maziwa yaliyochanganywa maji, rangi moja kutoka juu hadi chini, na kijiti ukikitoa hakina tope kwenye ncha.

Na kama chupa yako uliitumia miezi bila kukoroga? Ulishamaliza resini, kilichobaki ni unga mwingi kupita kiasi. Ongeza vanishi inayong'aa kidogo kidogo, ukijaribu kwenye kijiko kila mara, hadi nyeusi irudi kuwa nyeusi. Ikishindikana, itupe. Chupa ni rahisi kuliko kazi ya wiki.

## Hatua ya 6: Chagua siku, kisha chagua saa

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Meru anaamua mengi. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika. Juni na Julai asubuhi ni baridi, mawingu yamelala chini na hewa ina maji hata kama mvua hainyeshi. Akriliki ya maji katika hewa hiyo inakauka polepole mno, na unga unapata muda wa kutelezea kwenye mikunjo na kukusanyika huko.

Kwa sprei hali ni mbaya zaidi. Kiyeyusho kinachoruka kwa haraka hupoza uso wa kisanamu, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Uso ukipoa, maji ya hewani hutua juu yake na kunaswa ndani ya vanishi. Huo ni weupe usiotokana na unga. Unaweza kuwa umekoroga kama malaika na bado ukaupata.

Kanuni zangu: unyevu chini ya asilimia 65, endelea. Kati ya 65 na 75, brashi tu, na kwa mkono mwembamba. Zaidi ya hapo, fanya kazi nyingine. Joto la nyuzi 20 hadi 28 linafaa. Arusha hilo maana yake ni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, na Julai pengine uanze saa sita.

Kama huna kipimo, tazama kamba ya nguo. Nguo zilizoanikwa asubuhi, ikifika saa saba bado zina unyevu kwenye mishono, leo si siku ya vanishi.

Moshi ni habari nyingine. Mji uko chini ya mita 1,000, na Januari au Februari joto lake linageuza tatizo. Huko vanishi inakauka kabla haijatulia: brashi inavuta, inaacha mistari, na sprei inakaukia hewani na kutua kama vumbi. Mwenzangu wa Majengo alihangaika mwaka mzima akifuata saa zangu za Arusha. Sasa anafanya saa moja hadi saa tatu asubuhi, ndani ya chumba, feni imezimwa, na anaongeza maji kidogo zaidi kwenye mchanganyiko. Kwa hiyo msomaji wa Moshi, usininakili saa, nakili kipimo.

## Hatua ya 7: Kupaka kwa brashi

Sehemu tatu za vanishi, moja ya maji ya betri. Zaidi ya hapo resini inakuwa chache mno kushika unga.

1. Chovya theluthi ya brashi tu, kisha iguse ukingoni mwa kifuniko itoe kilichozidi. Brashi ikidondosha, umebeba nyingi.
2. Anzia juu: kichwa, mabega, kiwiliwili, miguu, kitako. Chochote kinachotiririka kitakutana na sehemu ambayo bado hujaigusa.
3. Vuta kwa mwelekeo mmoja, mara mbili tatu, kisha iache. Usirudi. Baada ya nusu dakika ngozi ya juu imeanza kujifunga, na ukiigusa unaichana na kuupanga unga kwa mistari.
4. Geuza kisanamu na utafute madimbwi: kwapani, chini ya kofia, kati ya miguu ya swala, mahali mkuki unapogusa mkono. Chukua ile brashi nyembamba, kavu, uifyonze kila dimbwi.

Hiyo namba nne ndiyo hutenganisha kazi safi na kazi yenye ukungu. Dimbwi ni unga mwingi mahali padogo, na likikauka ni doa jeupe mahali ambapo kivuli kilitakiwa kuwa cheusi kuliko kote. Nikiona picha ya kisanamu ambacho mabega ni mazuri na makwapa ni meupe, siulizi tena chupa ilikorogwa vipi.

Dalili wakati ikiwa mbichi: uso una maji kidogo na rangi ya maziwa hafifu sana, usawa kote, bila matone. Usishtuke na hayo maziwa. Usishtuke pia na mng'ao. Kila kitu kibichi hung'aa.

## Hatua ya 8: Kwa wanaopuliza

Pulizia nje kwenye kivuli, au chumba chenye hewa inayopita. Mbali na jiko la mkaa, mbali na gesi, mbali na sigara ya jirani. Mvuke huu unawaka. Na katika hali ya baridi ya Juni, usilipashe kopo motoni hata kidogo. Liweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu unayoweza kutumbukiza mkono bila kuuvuta. Makopo haya hayatakiwi kuzidi nyuzi 50.

Simama sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza pembeni ya kisanamu, pita juu yake bila kusimama, maliza upande wa pili. Kuanza juu ya kisanamu ni kumtemea mate usoni, kwa sababu tone la kwanza la kopo huwa kubwa. Mipito miwili, geuza robo, mipito miwili. Ngoja dakika 15 kabla ya kuamua kama unahitaji zaidi, na mara nyingi huhitaji.

Karibu sana, inalowana na kutiririka. Mbali sana, inakauka njiani na kutua kama unga wa sembe.

Wenye brashi ya hewa, ile inayopuliza kwa kompresa: sindano ya milimita 0.4 au zaidi, kwani 0.2 itaziba kabla hujamaliza kisanamu cha pili. Mgandamizo wa 20 hadi 25 psi, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Punguza vanishi kwa kiyeyusho cha kampuni ileile, na safisha bomba mara unapomaliza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama ilivyo desturi, usiache vanishi ikauke ndani. Mwaga na usuuze hapohapo gizani.

## Hatua ya 9: Funika, ondoka

Weka visanamu mezani, viinamishie beseni, na uliinue kwa vile vipande vya mbao ili hewa ipite chini. Vumbi linaanguka kutoka juu. Halikati kona.

Usipange karibu na dirisha lenye jua, usitumie kikausha nywele. Joto la ghafla hufunga juu wakati chini bado pabichi.

Usihukumu kabla ya saa 24. Ujumbe mwingi wa hofu ninaoupata unaandikwa dakika arobaini baada ya kupaka, na nusu yake unafuatwa na mwingine asubuhi: "Samahani, imejirekebisha."

## Hatua ya 10: Kipime

Zima taa ya chumba. Washa tochi ya simu, ishike upande mmoja chini, karibu sawa na meza, na uzungushe kisanamu taratibu.

Mati ya kweli inaonekana hivi: mwanga unalala juu ya uso bila kutengeneza nukta nyeupe popote. Mipaka ya kivuli unachokiona ni ile uliyoichora wewe. Weka kijiko cheusi kando. Kinafanana na ubao wa darasani uliofutwa kwa kitambaa chenye maji ukakauka. Rangi za giza zitakuwa zimepanda nuru kidogo sana kulinganisha na kabla ya vanishi. Hilo ni kawaida, na wenye uzoefu hupaka vivuli vyao giza kidogo zaidi wakijua hivyo.

Kisha rudisha mng'ao pale maisha yanapoutaka: jicho, pua ya nyati, ulimi, upanga, shanga chache kwenye mkufu. Tone dogo la vanishi inayong'aa kwa brashi nyembamba. Jicho lisilong'aa kwenye uso wa mati hufanya simba aonekane amejazwa majani makavu.

## Ikiharibika

Bado kinang'aa kote. Unga haukufika. Rudi hatua ya 5, thibitisha kwenye kijiko, piga mkono mmoja mwembamba.

Kinang'aa mabaka mabaka. Ama vanishi haikufika, ama kuna mafuta ya vidole. Osha sehemu hiyo kama hatua ya 2, kausha, rudia kisanamu chote. Ukirekebisha baka peke yake utapata baka jipya lenye kingo.

Mikunjo imepauka. Usikwangue bado. Paka vanishi inayong'aa, nyembamba, juu ya weupe. Mara nyingi utaona rangi inarudi mbele ya macho yako, kwa sababu weupe ule ni nafasi za hewa kati ya chembe, na resini ikizijaza mwanga unapita tena. Acha saa 24, halafu mati mara moja, kwa brashi iliyokamuliwa. Kuna wanaotumia tone la mafuta ya mzaituni kwa kazi hiyohiyo. Rangi inarudi kweli, lakini hakuna vanishi itakayoshika juu ya mafuta, kwa hiyo ni kwa kisanamu chako cha nyumbani, usimpe mteja.

Weupe wa unyevu baada ya sprei. Subiri siku kavu, jaribu mpito mmoja mwepesi wa sprei ileile. Kiyeyusho kinaweza kulainisha tabaka la chini na kuuacha unyevu utoke. Ikigoma, tumia dawa ya mikunjo hapo juu.

Uso una chengachenga. Ni sprei iliyokaukia hewani. Piga kwa brashi kavu yenye nyuzi ngumu kidogo, nyingi zitadondoka. Safari nyingine sogea karibu, au sogeza saa.

Bado kinanata baada ya siku mbili. Kilipakwa nene katika unyevu. Kiweke ndani ya boksi lenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, wiki moja, na usikiguse. Kisipopona, rangi yote itolewe na uanze upya. Sijaona njia nyingine.

## Kabla ya kukifunga kwa ajili ya mteja

Kwa wanaouza Soko la Wamasai na kwingineko: kikavu kwa kuguswa hakijawa tayari kwa safari. Kipe wiki moja. Ukikifunga mapema kwenye plastiki yenye mapovu, mapovu yatachora duara zinazong'aa mgongoni mwa tembo wako, na mgeni ataziona akiwa ameshafika kwao. Funga kwanza kwa karatasi laini ya shashi, kisha ndiyo plastiki, na usikaze kamba kwenye masikio.